Clafoutis, Andazi la Cheri la Limousin

Katikati ya nchi ya Ufaransa liko jimbo la kale liitwalo Limousin, nchi ya wakulima na wafuga ng'ombe. Huko, mwezi wa Juni, cheri nyeusi zinapoiva, akina mama huoka kitu kitamu kiitwacho clafoutis. Jina lenyewe latoka katika Kioksitani, lugha ya asili ya wenyeji, kwa neno lenye maana ya kujaza. Kweli, sahani hujazwa matunda kwanza, ndipo humiminiwa uji wa unga na mayai. Si mkate, wala si keki hasa.

Akina mama, vipimo ni hivi: cheri gramu 500, unga wa ngano gramu 100, sukari gramu 100, mayai 3, maziwa robo lita, chumvi kidogo, na siagi ya kupaka sahani. Changanyeni unga, sukari na chumvi. Tieni mayai moja moja. Maziwa yafuate kidogo kidogo, usije ukafanya madonge. Uji uwe mwepesi. Pangeni matunda katika sahani, mmimine uji juu yake, mkaoke kwa moto wa digrii 180, dakika 40 hivi. Andazi litaumuka pembeni na kugeuka rangi ya dhahabu. Likiisha kutoka motoni litashuka lenyewe, msidhani limeharibika. Huliwa likiwa vuguvugu.

Sasa twafika penye ugomvi. Wazee wa Limousin hawatoi kokwa. Wasema kwamba kokwa huongeza harufu nzuri kama ya lozi, tena tunda zima halimwagi maji yake katika uji. Wasema kweli. Lakini mtoto mdogo aweza kupaliwa na kokwa, na mzee aweza kuvunja jino. Kwa shauri letu, penye watoto mezani kokwa zitolewe, hata kama harufu itapungua. Zikiachwa, walaji waonywe kabla ya kuonja. Wala mtu asizivunje ili ale kiini chake, kwa sababu kiini kikipondwa hutoa sumu.

Cheri zikikosekana, Wafaransa hutia matufaha au mapeasi, lakini hapo jina hubadilika, huitwa flaugnarde. Basi, sisi tukioka kwa maembe au ndizi, tusijisifu kuwa tumepika clafoutis! Nanasi nalo lafaa, ila lichujwe maji kwanza, la sivyo uji hautashika.

Asiye na joko atumie sufuria nzito yenye kifuniko: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya kifuniko. Kazi hiyo ifanyike uani, kwa maana hewa ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua watu bila wao kusikia harufu yoyote. Kifuniko kisifunuliwe kabla ya nusu saa. Kisha chomeni kisu katikati: kikitoka kikavu, andazi limeiva.