Gari Libebalo Wanafunzi na Bima Yake: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza sheria inayomlazimisha kila mwenye chombo cha moto kukikatia bima kabla ya kukiingiza barabarani. Na kwa kuwa Januari ndio mwezi shule zetu zinapofunguliwa, barabara zikajaa watoto tangu kabla ya jua kuchomoza, nimeona ni wajibu niiahirishe habari ya magari ya mizigo tuliyoiahidi, niitangulize hii ya wanafunzi.

Mtu akisimama saa kumi na mbili asubuhi katika kituo cha daladala Mbagala au Gongo la Mboto, ataona jambo ambalo madereva wengi hulipita bila kulizingatia. Kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, makonda aghalabu huwaruhusu wanafunzi wawili watatu tu, wengine wakazuiwa mlangoni; na hao waliozuiwa, kwa kuhofia kuchelewa namba, huliwania gari jingine hata likiwa ng'ambo ya barabara, wakapita mbele ya lile lililosimama na kutokeza ghafla mahali ambapo dereva ajaye hana njia ya kuwaona, maana kimo cha mtoto wa darasa la kwanza hakifiki hata usawa wa dirisha la basi. Sheria ya usalama barabarani imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini gari la mwendo huo hukata takriban mita 14 kila sekunde, na sekunde moja huweza kupita dereva akiwa ndiyo kwanza anaitambua hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Akishuka hadi kilomita 30, zile mita 14 huwa 8 na kitu. Na umbali wa breki wenyewe hupungua kwa kiasi kikubwa zaidi, kwani mwendo ukiongezeka mara 2, umbali huo huongezeka mara 4. Kwa sababu hiyo sikubali kwamba dereva apitaye mbele ya lango la shule kwa kilomita 50 kamili, saa ambazo watoto wanaingia, ametimiza wajibu wake, hata kama askari wa barabarani hana la kumshtakia.

Tuje kwenye bima. Ile iitwayo bima ndogo, ambayo ndiyo faradhi kisheria, humlinda mtu mwingine aliyedhurika kwa gari lako, ilhali bima kubwa huongeza juu ya hapo ulinzi wa gari lenyewe likigongwa, likiungua au likiibwa. Wengi huishia kulinganisha bei za hizo mbili, wakaliacha neno zito kuliko bei, nalo ni matumizi ya gari yaliyoandikwa katika hati. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa mwombaji. Kampuni hukadiria ada kwa kutazama kazi ya gari, kwa kuwa gari la mtu la kwendea kazini halina hatari sawa na lile lichukualo abiria kwa malipo kutwa. Mathalan, mwenye Noah aliyeikatia bima ya matumizi binafsi, kisha akapatana na majirani wamlipe kila mwezi awapeleke watoto wao shuleni, amekwisha kuigeuza kuwa gari la biashara pasipo kuiarifu kampuni. Likitokea la kutokea, kampuni huwa na hoja ya kulikataa dai, na majirani, waliodhani muda wote kwamba watoto wao wamo katika dhamana, huachwa mikono mitupu. Idadi ya abiria nayo imeandikwa katika hati, wala haibadiliki kwa kuwa abiria ni wadogo na wanaweza kupakatana.

Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi lililowachukua wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha, waliokuwa safarini kwenda kufanya mtihani, lilitumbukia korongoni; wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Nchi nzima ililia. Nami husikitika sana kuona kwamba baada ya msiba mzito kiasi kile bado wako wazazi wanaouliza shuleni habari ya ada, sare na chakula, wasiulize habari ya gari: dereva ni nani, leseni yake ni ya daraja la kubeba abiria au sivyo, bima imekatwa kwa matumizi gani na kwa viti vingapi. Sehemu ya majibu haihitaji hata hisani ya mwalimu mkuu, kwani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka mfumo mtandaoni ambamo mtu yeyote, kwa kuandika namba ya usajili wa gari, huona kama bima yake i hai au imekwisha muda. Mkuu wa shule atakayekasirishwa na maswali hayo, mimi nisingempa mtoto wangu amsafirishe.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza taratibu za kudai fidia, kuanzia fomu ya PF3 inayotolewa kituo cha polisi hadi malipo yenyewe.