Hiki Nifute, Hiki Nikiache

Tuseme yuko msichana wa kidato cha tatu pale Nyamisati, boti za Mafia zinakopakia abiria. Jina simpi, maana anaweza kuwa yeyote kati yenu. Mjomba wake anafanya biashara ya kambamiti, na safari moja alipouza mzigo vizuri Dar es Salaam alipita Kariakoo akamnunulia laptopu mpya kabisa.

Alipoiwasha akakuta imeshajaa. Kuna michezo ambayo hakuiomba, kuna duka la mtandaoni, kuna antivairasi inayorusha kidirisha chekundu kila mara: kompyuta yako iko hatarini, lipia sasa. Kaka yake akachungulia begani, akasema, "Futa vyote." Mjomba akaja juu: "Usiguse kitu, nimetoa hela nyingi hapo!"

"Shikamoo mjomba," binti akasema, "naomba kwanza nijue ni nini na nini."

Mimi namuunga mkono huyo binti, na nitawaambia kwa nini.

Anayetengeneza kompyuta ya bei nafuu anabaki na faida ndogo. Kwa hiyo kampuni za programu humlipa aziweke bidhaa zao ndani tangu kiwandani, zikitumaini kwamba utazizoea, na muda wa majaribio ukiisha utatoa pesa. Hata walioanza kutumia Windows 10 mwaka 2015, wengi walikuta mchezo wa Candy Crush Saga unawasubiri. Basi mjomba ajue: programu kukutwa ndani ya mashine siyo ushahidi kwamba mashine inaihitaji. Na gharama yake unaibeba wewe. Huku kwenye delta ya Rufiji intaneti ni ya bando la simu. Programu usiyoitumia inaamka yenyewe, inajisasisha, na bando la wiki linaisha kabla hujafungua hata ukurasa mmoja wa Baiolojia.

Bando likiisha utanunua jingine. Lipo jambo zito zaidi.

Mwaka 2014 Lenovo, kampuni kubwa ya kompyuta duniani, ilianza kuuza laptopu zenye programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kupenyeza matangazo ya bidhaa kwenye kurasa ambazo mtu anasoma. Ili iingie hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, kama za benki na barua pepe, ilijiwekea ndani ya Windows cheti chake, yaani hati ambayo kivinjari huitumia kutambua tovuti ya kweli. Ikawa inakaa katikati ya mawasiliano, inayafungua na kuyafunga tena, na kivinjari kinaona mambo ni salama. Kibaya zaidi, ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliupata kwa muda mfupi tu. Nywila iliyoulinda ilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza kipande cha programu kilichokuwa kikiyafungua mawasiliano hayo. Mwizi aliye kwenye mtandao mmoja nawe angeweza kujifanya benki yako, na kufuli lingebaki pale pale likikuhakikishia amani. Lenovo ilikuwa imeshaacha kuiweka, ikatoa na programu ya kuiondoa, na mwaka 2017 ikafikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani.

Sasa sikilizeni hapa. Waliofuta Superfish peke yake walidhani wamepona, kumbe cheti kimebaki. Ilibidi nacho kitafutwe na kutolewa. Hilo linaniudhi mpaka leo: mtu ananunua kitu kwa jasho lake, halafu anauziwa na mlango wa nyuma.

Je, kaka alikuwa sahihi, vifutwe vyote? Hapana. Anayekwenda kuvuna miti kwenye mikoko ya Rufiji, akiwa na kibali chake, haingii na shoka akakata kila kinachosimama. Anautambua mkandaa, anautambua mchu, anaujua mkomafi, na anajua ni mti upi umeshika ukingo usimomonyoke. Na kwenye delta hiyo hiyo yapo maeneo yaliyofyekwa yote kwa ajili ya mpunga, na baada ya miaka michache magugu na kaa wakawashinda wakulima, wakayahama.

Binti yetu naye akafungua mipangilio ya Windows, akaenda kwenye orodha ya programu, akaipanga kwa tarehe ya kuwekwa. Zenye tarehe ya zamani, kabla ya mjomba kufika Kariakoo, zilikuja nayo. Kisha akatazama jina la mtengenezaji wa kila moja.

Kaka akaona jina Microsoft Visual C++ limejirudia, lina 2010, lina 2013, lina 2015. "Hizi zimerudiwa, toa." Angezitoa, programu nyingine zingegoma kufunguka, kwa sababu kila moja huegemea toleo lake. Akaona Realtek. Hajawahi kuisikia, lakini hiyo ndiyo inayoendesha sauti. Kwa hiyo majina ya vifaa, yaani sauti, skrini, Wi-Fi, hayaguswi.

Michezo aliifuta bila wasiwasi, kwani akiitaka itapatikana tena kwenye duka la Microsoft. Antivairasi ya majaribio nayo akaitoa. Watu huogopa hapo, wakidhani kompyuta inabaki uchi. Windows ina ulinzi wake, Defender, ambao hukaa pembeni antivairasi nyingine ikiwepo. Ukiitoa, huo unarudi kazini. Binti akaanzisha upya kompyuta, akafungua ukurasa wa usalama akahakikisha umewaka. Hatua hiyo msiiruke.

Programu ya kuandikia ilimpa taabu zaidi. Ilikuwa ya majaribio, na muda ukiisha utasoma kazi zako bila kuweza kuzihariri. Hakuifuta siku hiyo. Alingoja aende Kibiti mjini kwenye intaneti nzuri, apakue LibreOffice, ambayo ni bure, aone kazi zake zinafunguka, ndipo aifute ile ya kwanza. Ile ya kampuni iliyotengeneza laptopu, inayoleta masasisho ya mashine, aliiacha. Na kaka alipotaka kupakua programu inayodai kusafisha kompyuta yote kwa kubonyeza mara moja, alikataa, maana angekuwa anaongeza mgeni mwingine asiyemjua.

Haya yote ni kwa kompyuta yako mwenyewe. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Mwalimu wako akikuazima chake, usifute kitu hata kama unakiona hakina maana. Muulize kwanza, kwa sababu hata yeye huenda ana wa kumuuliza.

Mwishoni ilibaki programu moja, haina jina la mtengenezaji, na maelezo yake hayaeleweki. Kaka akasema futa, mjomba akasema acha. Binti alinakili jina lake kwenye daftari herufi kwa herufi, akahamishia kazi zake kwenye flashi, na Jumatatu akampelekea mwalimu wa kompyuta.