Tahadhari Kabla ya Hatari

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Alikuwa msafiri aliyefika Arusha kutoka Ubelgiji. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Watu wakaingiwa na hofu.

Nkololo ni mbali na Arusha. Lakini ugonjwa husafiri na watu, kwa basi na siku za mnada. Mgonjwa akikohoa au akiongea hutoa virusi. Mwenzake huvivuta kwa pumzi. Mikono nayo huvifikisha puani. Wazee ndio huzidiwa zaidi.

Ugonjwa kama huo waweza kuja tena. Tujiandae mapema. Tundika kibuyu chirizi, weka sabuni. Fungua madirisha. Ukikohoa, usiende kumwamkia bibi.

Hofu haioshi mikono. Je, kibuyu chako kina maji?