Mtetea tuliyemgawa akawika



Asubuhi moja mwenzetu alifika kwenye mkutano wa chama akiwa na kuku mkononi. Hakusalimu kama kawaida yake. Alimweka yule kuku katikati ya mkeka, akasema: "Wamama, huyu ndiye mtetea mliyenipa. Muulizeni atataga lini." Kuku akakung'uta mabawa, akanyoosha shingo, akawika. Baadhi yetu tulicheka. Yeye hakucheka, na baada ya muda mfupi hata sisi kicheko kilituisha.

Tunaandika habari hii kwa sababu kosa lilikuwa letu sote, na kwa sababu vikundi vingine, vya hapa Baraka, vya Mboko, vya Lweba na vya Fizi kule juu, vinaweza kulikwepa.

Mnakumbuka mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za ukingoni, kuanzia Uvira hadi Kalemie. Kwetu pia familia zilihama zikiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Watu walipookoa watoto, sufuria na karatasi za masomo, kuku walibaki. Tulipopita kusaidia wenzetu, tulikuta vifaranga wakilia juu ya mbao, juu ya vichaka, wengine ndani ya nyumba zilizojaa maji, mama yao haonekani. Tuliwakusanya katika beseni na vikapu. Walikuwa 31. Saba walikufa siku za kwanza kwa baridi. Wakabaki 24.

Katika mkutano tukakubaliana hivi: wamama 8 waliopoteza nyumba watapewa kila mmoja mitetea 2. Kila mmoja, kuku wake akishaangua mara ya kwanza na vifaranga wakakua, atarudisha mitetea michanga 2 ili wapewe wengine. Wale 8 watakaobaki, tuliowahesabu kuwa majogoo, watauzwa sokoni na franka zitaingia katika kisanduku cha akiba. Mpango ulikuwa mzuri. Tulichoharibu ni haraka. Vifaranga walipokaa kwetu juma nne tu, tukakaa chini na kuanza kuwagawa.

Tuliwatambuaje? Kila mmoja alikuja na elimu ya nyumbani kwao. Mmoja aliwashika kwa miguu na kuwaning'iniza kichwa chini: anayeinua kichwa ni dume, anayetulia ni jike. Mwingine alisema anayepigana ndiye jogoo. Wa tatu alituambia kwamba yai lenye ncha huzaa jogoo na yai la mviringo huzaa mtetea, ingawa mayai yenyewe hatukuyaona hata moja. Tukapiga kura kwa kila kifaranga kama watu wanaochagua kiongozi.

Miezi ilipopita, ukweli ulijitokeza wenyewe. Kati ya wale 16 tuliowagawa kama mitetea, 7 walikuwa majogoo. Na mama mmoja aliyenunua kuku wetu sokoni alitusimamisha njiani kutushukuru: "jogoo" tuliyemuuzia alikuwa amemtagia mayai 11.

Lakini la kuchekesha ndilo dogo. Mwenzetu aliyekuja na kuku mkekani ni mjane mwenye watoto wanne. Yeye alipata majogoo wote wawili. Katika kaye ya chama jina lake lilibaki limeandikwa kuwa ana deni la mitetea 2. Mara mbili tulimkumbusha deni hilo mbele ya wenzake. Akaacha kuja mikutanoni, tukasema ana uvivu. Mama ambaye ziwa lilichukua nyumba yake alikuwa amefanywa mdeni wa mayai ambayo jogoo hatagi.

Ndiyo maana tunasema: kumjua dume na jike si mchezo wa watoto. Katika chama, ni jambo la haki.

Kwa nini alama za haraka zinadanganya

Tuanze na yai. Mama anayefuga anajua kwamba kuku mmoja, mayai yake karibu yote hufanana umbo: mwingine hutaga yenye ncha, mwingine ya mviringo. Kama umbo lingekuwa linaamua, kuku mmoja angeangua majogoo tu na mwingine mitetea tu. Lakini kila mmoja wetu ameona kuku mmoja akitembea na watoto wa aina zote mbili. Kwa kawaida wanakaribia kuwa nusu kwa nusu, ingawa katika mzao mmoja wa vifaranga 10 unaweza kupata 7 kwa 3.

Sisi tunaofundisha tunapenda kuongeza jambo hapa. Kwa kuku, mama ndiye anayebeba kinachoamua kama kifaranga ni dume au jike. Kwa binadamu ni kinyume: ni mbegu ya baba inayoamua kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Kwa hiyo mama anayesimangwa na wakwe kwa sababu amezaa wasichana watupu anasimangwa kwa jambo ambalo halikutoka kwake. Msomee mume wako mstari huu.

Kifaranga anayening'inizwa kwa miguu naye anaonyesha tu kama ana nguvu au ana hofu. Na kupigana, vifaranga wote hupigana, majike kwa madume, wakitafuta nani awe wa kwanza kwenye chakula.

Wapo watu wanaoweza kumtambua kifaranga wa siku moja. Wataalamu wa Japani walionyesha katika miaka ya 1920 na 1930 jinsi ya kuangalia kinundu kidogo sana ndani ya tundu la nyuma. Kazi hiyo hufundishwa kwa muda mrefu, na mikono isiyoizoea humwumiza kifaranga au kumuua. Tusijaribu nyumbani. Pia mashamba makubwa huzalisha aina maalumu ambazo dume na jike hutofautiana rangi au urefu wa manyoya ya bawa tangu siku ya kwanza. Kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika damu kwa vizazi vingi, kwa hiyo alama hizo kwao hazina uhakika.

Mwili unasema lini

Kinachobaki kwetu ni macho na subira. Haya ndiyo tuliyoyafuata safari ya pili.

Juma la 4 hadi la 5: usiamue. Unaweza kuona wengine wana kilemba cha kichwani kipana kidogo na chenye rangi ya waridi, na miguu minene. Andika dhana yako kwenye kaye, lakini usimgawie mtu.

Juma la 6 hadi la 8: linganisha vilemba. Cha dume huinuka na kuwa chekundu, na ndevu za chini ya mdomo huanza kuonekana. Cha jike hubaki kidogo na cha rangi hafifu. Tazama pia miguu na namna ya kusimama: dume husimama wima, miguu minene na mirefu.

Juma la 10 hadi la 14: hapa ndipo penye uhakika zaidi. Mshike kuku, tazama manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya dume ni membamba, marefu, yenye ncha kali na yanayong'aa, yanaanguka pande zote mbili. Ya jike ni mapana na ncha yake ni ya mviringo. Tazama na shingoni, tofauti ni ileile. Baadaye mkia wa dume hutoa manyoya marefu yaliyopinda kama mundu.

Kuwika ni uthibitisho, lakini kutowika si uthibitisho. Jogoo mchanga anayeishi na jogoo mkubwa mkali anaweza kunyamaza muda mrefu kwa hofu. Wengi wetu tulidanganywa na ukimya huo.

Tahadhari tatu. Ya kwanza, mtetea anayekaribia kutaga naye kilemba chake huwa chekundu, kwa hiyo usimwite jogoo kwa rangi peke yake. Rudi kwenye manyoya ya kiunoni. Ya pili, kuku mgonjwa au mwenye minyoo huwa na kilemba cheupe hata akiwa dume. Ya tatu, kuku wa shingo tupu hana manyoya ya shingoni ya kutazama, na kuku wa manyoya yaliyopinda ni vigumu kusoma ncha zake. Hao wape juma kadhaa zaidi.

Vifaranga waliookolewa wana ugumu wao

Vifaranga wa mama mmoja wana umri mmoja, na kuwalinganisha ni rahisi. Waliookolewa wametoka nyumba mbalimbali. Kosa letu kubwa lilikuwa kumlinganisha kifaranga wa juma nne na wa juma saba. Yule mkubwa, ambaye alikuwa jike, tulimwita jogoo kwa sababu ya ukubwa. Yule mdogo, ambaye alikuwa dume, tukamwita mtetea.

Kwa hiyo siku unapowapokea, watenge kwa ukubwa na manyoya: wenye malaika tu, wenye manyoya ya mabawa, na waliokwisha kuvaa mwili mzima. Wafunge uzi mguuni, rangi moja kwa kila kundi, na kila juma uulegeze uzi, maana mguu unanenepa na uzi unaweza kuukata. Kisha linganisha wenye rangi moja peke yao.

Jambo jingine: kuku wageni wasichanganywe na wa nyumbani kabla ya siku 14 kupita, na zaidi ni bora. Kideri kinaweza kuingia na kuku mmoja na kumaliza kijiji. Wawe na chombo chao cha maji, na anayewahudumia anawe mikono kabla ya kwenda kwa wengine. Daktari wa mifugo akifika na chanjo, mpelekeeni na hao.

Jogoo si hasara

Katika nchi za mashamba makubwa ya mayai, vifaranga madume huuawa siku ya kwanza kwa sababu hawatagi. Ujerumani ilikataza jambo hilo kwa sheria kuanzia mwaka 2022. Kwetu jogoo ana thamani. Mgeni akija, ndiye anayechinjwa. Noeli na harusi zikikaribia, bei yake hupanda. Na mitetea 10 inahitaji jogoo 1. Tena jogoo wa kikundi chetu akibadilishwa na wa kikundi cha mbali, tunaepuka kuku kuzaa na dada zao na kizazi kudhoofika.

Ubaya haukuwa kumpa mwenzetu jogoo. Ubaya ulikuwa kumpa jogoo, kumwita mtetea, kisha kudai mayai.

Tulivyorekebisha

Siku ile ya mkeka tulifungua kaye mbele ya wote. Tulilifuta deni la mwenzetu, na wamama wawili waliokuja baada yake wakasema nao walipata jogoo mmoja mmoja lakini waliogopa kusema. Tulimwomba msamaha mwenzetu kwa kumkumbusha deni hadharani, na msamaha tuliuomba hadharani vilevile. Chama kilipokea majogoo yake, na mama aliyekuwa na mitetea miwili iliyoanza kuatamia akaahidi kutoa vifaranga vya kwanza. Vilipotimiza juma 13 tuliviangalia kiunoni mmoja mmoja, mbele ya macho ya wengi. Mwenzetu alichagua mitetea wake mwenyewe.

Sasa chama kina kanuni tatu. Hakuna kugawa kabla ya juma la 12. Wamama watatu wamtazame kila kuku, na wakitofautiana kuku angoje juma mbili. Na deni linaanza kuhesabiwa siku mtetea anapotaga yai la kwanza. Siku ya kupokea kuku hakuna anayedaiwa.

Wanaouliza kama kungoja hakuongezi gharama ya chakula, tunajibu: ndiyo, kunaongeza. Tunawapa mchwa, makombo ya ugali, pumba za mihogo na vumbi la ndagala, na kila mama huleta kikopo siku ya mkutano. Kikopo hicho ni kidogo kuliko kumpoteza mwanachama.

Mwenzetu amerudi kukaa mahali pake kwenye mkeka. Juma lililopita alileta mitetea michanga 2 ya kurudisha. Tulipowainua kutazama manyoya ya kiunoni, alitucheka: "Tazameni vizuri, wamama. Safari hii mimi ndiye ninayewagawia."