Odera Oruka: Mwalimu Aliyewauliza Wahenga Majina Yao

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuandika "wahenga walisema", kisha tukaweka nukta. Mhenga gani? Na je, hakuna aliyembishia? Maswali ya namna hii ndiyo yaliyomshughulisha Henry Odera Oruka, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yanatuhusu hata sisi wahakiki.

Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Nyanza, magharibi mwa Kenya. Alikwenda Uppsala, Uswidi, kusoma sayansi, lakini falsafa ikamteka. Akaiendeleza Marekani, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Wakati huo waliofuata njia ya padre Placide Tempels walichukulia falsafa ya Kiafrika kuwa mawazo ya kabila zima, yasiyo na mwenyewe. Wengine wakashikilia kwamba pasipo maandishi hapana falsafa. Oruka alizikataa kauli zote mbili.

Kuanzia mwaka 1974 akaanza utafiti wa kuzungumza na wazee wa vijijini. Shabaha haikuwa kuokota methali tu, bali kuhojiana nao hasa. Akatofautisha wenye hekima wa aina mbili. Wa kwanza anaijua mila barabara, lakini ukimwuliza sababu anajibu kuwa ndivyo tulivyoikuta. Wa pili anaijua vilevile, ila anaipima, na akiona kasoro anasema. Mzee Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, alidai kwamba Waluo walikosea kudhani wana Mungu wao peke yao. Miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika. Hapo si kabila linalosema, ni Mbuya. Mahojiano hayo yalitoka kitabuni mwaka 1990, kila mzee kwa jina lake, akiwemo baba mzazi wa Oruka.

Hakuishia hapo. Aliandika juu ya adhabu, uhuru na mazingira, na alitetea kwamba kila binadamu, popote alipo, ana haki ya usalama wa mwili, afya na riziki. Mwaka 1987, katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, alitoa ushahidi mahakamani kuhusu mila za Waluo. Alifariki mwaka 1995 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi.

Wapo waliompinga. Peter Bodunrin wa Nigeria aliuliza: ikiwa profesa ndiye anayechokoza maswali, falsafa inayopatikana ni ya nani? Swali hili ni zito na halifai kupuuzwa. Hata hivyo, naona kwamba anayeulizwa swali gumu na kulijibu kwa hoja amefikiri mwenyewe. Socrates naye hakuandika kitu, na hatumnyimi ufalsafa.

Mimi mwenyewe nimewahi kwenda nyanjani kukusanya methali. Bibi mmoja alinitajia methali, halafu papo hapo akasema haina ukweli, akaanza kunieleza kwa nini. Nikafunga daftari, nikidhani bibi ametoka nje ya mada. Methali ninayo mpaka leo, tena nimeinakili vizuri. Hoja yake sinayo, na jina lake sikuliuliza. Wenzangu, tukienda tena nyanjani, tuanze na jina, na mzee akianza kubisha tusifunge daftari.