Maombi ya mchungaji wa Kiambu na siasa za Marekani

Mwaka 2005, mchungaji Thomas Muthee wa Kiambu, Kenya, alimwombea Sarah Palin kanisani Wasilla, Alaska, alindwe dhidi ya uchawi. Mwaka uliofuata Palin alichaguliwa gavana. Alipogombea umakamu wa rais mwaka 2008, video ya maombi hayo ilizua kelele.

Leo hayashangazi tena. Februari 2025 Rais Donald Trump alimteua mhubiri wa kipentekoste, Paula White-Cain, kuongoza ofisi ya imani Ikulu.

Mitandao hii ya kikarismatiki haina askofu mkuu wala sinodi. “Mitume” na “manabii” wake huunganishwa na makongamano, video na simu. Wafanyabiashara wa mpakani, wanaopitisha mzigo kwa kujuana, watauelewa upesi mfumo huo. Lance Wallnau huwahimiza waumini kushika “milima saba” ya jamii, ikiwemo serikali na biashara. Septemba 2024 JD Vance, akiwa mgombea mwenza, alihudhuria mkutano wa ziara yake Pennsylvania.

Wakosoaji, wakiwemo Wakristo, wanauliza nani humwajibisha nabii. Manabii kadhaa walitabiri Trump angeshinda mwaka 2020. Alishindwa, na ni wachache tu walioomba radhi.