Volti 10 Zinazoongoza Mashine



Vyuo vya ufundi hupokea misaada ya mashine za mitumba za kukereza chuma, zinazoongozwa na kompyuta. Mara nyingi tunaulizwa: mashine imeshafika, mbona haijaanza kazi? Sehemu ya jibu ni waya mwembamba ndani ya kabati la umeme.

Humo mna kidhibiti, kinachopanga mwendo, na kiendeshi, kinachoipa mota nguvu. Katika mashine nyingi za zamani, kidhibiti hutoa amri kwa volti, kuanzia hasi 10 hadi chanya 10. Sifuri maana yake ni kusimama. Ikiwa volti 10 zimepangwa kuwa kasi kamili, volti 5 ni nusu yake; hasi 5 ni kasi hiyo hiyo kuelekea upande wa pili.

Amri hiyo ni dhaifu, na umeme wa mota huivuruga kwa urahisi. Kwa hiyo fundi huzingatia haya:

1. Kebo iwe ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, yenye wavu wa kinga.
2. Wavu huo kwa kawaida huungwa na ethi upande mmoja tu, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza.
3. Kebo ya amri isilazwe pamoja na ya mota. Zikikutana, zipishane kwa umbo la msalaba.

Hatari kubwa ni nyaya hizo mbili kubadilishana. Mota ina kipimio kinachokijulisha kidhibiti mahali ilipofika. Amri na taarifa hiyo zisipopatana, kosa huongezwa badala ya kusahihishwa. Mota hukimbia kwa kasi yote mpaka meza ya mashine igonge mwisho, na huenda mkono wa mwanafunzi ukawa hapo.

Ndiyo maana volti hupimwa kwanza kwa mita, na jaribio la kwanza hufanywa mota ikiwa haijaunganishwa na meza. Swichi ya dharura nayo ikate nguvu ya mota yenyewe, isitegemee programu ya kompyuta.

Tunaziomba kamati zinazopanga bajeti ya usafiri ziongeze gharama ya kebo, fundi na siku za majaribio. Na siku ya kukabidhiwa mashine, kabla ya kutia sahihi, ombeni swichi ya dharura ibonyezwe mbele yenu mashine ikiwa katika mwendo. Isiposimama, msiipokee.